AK mkononi, flopu imenipita kabisa, nibeti au nicheki?

Karabai_Nane
Habari za jioni wakuu. Sisi tuko Mwaloni Kirumba, Mwanza, kwenye dagaa, sasa mbalamwezi ikiwaka mitumbwi ya karabai haiendi ziwani na kazi inakuwa hamna siku kadhaa, ndo tukaanza kucheza poka ile ya Texas, karata mbili mkononi na tano zinafunguliwa mezani. Hatuchezei hela, tunatumia vizibo vya soda, atakayebaki na vichache ananunua sato wa wote. Kabla ya flopu, yaani zile karata tatu za kwanza za mezani, najiona niko vizuri tu, shida inaanza zikishalala, sijui lini nibeti, yaani niweke vizibo, lini niache.

Jana nimepata A ya shupaza na K ya uru. Vizibo vya lazima ni 1 na 2, nikapandisha mpaka 6, wakanifuata watatu, katikati pakawa na 25 pamoja na kile 1 cha lazima. Flopu ikaja 9 ya kopa, 8 ya pau, 6 ya kopa. Wa kwanza akacheki, yaani kapita bila kuweka kitu, mimi kwa kuwa ndo niliyepandisha nikaona nikinyamaza watajua sina kitu, nikaweka 20. Wawili wakafuata. Karata ya nne 2 ya shupaza, nikaweka 40, mmoja akatupa, mwingine akasukuma vizibo vyake vyote mbele kwa mikono miwili. Nikatupa. Akafunua 10 na 7, zote kopa, yaani ana 6 mpaka 10 mfululizo. Vizibo 66 vimeenda raundi moja. Nimekosea wapi au ni mkosi tu?

DadaPasiansi
Pole kaka. Mkosi upo kidogo ila kosa ni la flopu, la karata ya nne limefuata tu.

Angalia hivi. Mtu mwenye karata mbili zisizofanana, flopu inampa pea (karata mbili za namba moja) au zaidi kama mara moja kati ya tatu. Kwahiyo ukibaki na mtu mmoja, mara mbili kati ya tatu naye kakosa kama wewe, hapo ukibeti una haki. Wakiwa watatu, uwezekano wote kwa pamoja wawe wamekosa unashuka mpaka kama 30%, na hiyo ni hesabu ya haraka kwa flopu ya kawaida, sio hiyo yako. Sasa wewe umeweka 20 kushindania 25, ili bet ya hivyo ikulipe bila kuwa na kitu inabidi wote watupe karibu mara 44 kwenye kila 100. Unaona pengo? Hata ungeweka 12 ungehitaji kama theluthi, bado haitoshi.

Alafu 9-8-6 yenye kopa mbili ni flopu ya wale waliofuata, sio yako uliyepandisha. Watu wanafuata na 10-9, 8-7, 7-7, kopa mbili mbili, hivyo vitu. Hata karata zako za kukuokoa, A tatu na K tatu, mbili kati ya hizo ni kopa, zikija zinakupa pea na zinampa mwingine rangi, yaani kopa tano. Zimebaki nne za maana, na kwa huyo wa 10-7 hata hizo zisingekusaidia mana alishamaliza kazi. Hapo ni kucheki, wakibeti tupa, umepoteza 6 tu unasubiri raundi nyingine.

Nansio_Boy
Mimi naomba nipingane kidogo na dada hapo juu. Ukizoea kucheki kila ukikosa na kubeti kila ukipata, wiki ya pili mezani wanakusoma kama gazeti, ukibeti wote wanatupa na hupati kitu hata ukiwa na AA. Mimi nikipandisha na akanifuata mmoja tu, flopu kavu kama K-7-2 rangi tatu tofauti, nabeti hata nikiwa na QJ, na nabeti kidogo, theluthi ya kilichopo katikati, mana hapo natakiwa nifanikiwe mara moja tu kwenye nne. Hiyo flopu inafanana na mtu aliyepandisha, mwenzako hana la kushikilia. Kwa watatu na 9-8-6 sawa nakubali ni kucheki, ila asije akatoka hapa na mawazo kwamba kubeti bila pea ni dhambi.

DadaPasiansi
Hapo hatupingani Nansio, nimesema ukibaki na mmoja una haki.

Karabai_Nane
Asanteni sana. Sasa ingekuwa nina KK kwenye flopu ile ile? Nikicheki naogopa wanapata karata ya bure.

DadaPasiansi
KK unabeti, na sio kidogo. Mwenye kopa mbili ana karata 9 kati ya 47 asizoziona, kama 19% kwa karata moja inayofuata, na akifika mpaka ya tano ni kama 35%. Ukiweka nusu ya kilichopo anahitaji 25% ili kukufuata kwa karata moja kuwe na faida, kwahiyo anakulipa kwa hasara, na mwenye 9 anakulipa pia. Hapo kwenye flopu mbichi kama hiyo ndo unaenda hata robo tatu. Ila wakikupandishia juu yake wawili, KK ni pea moja tu, usiioe.

Mzee_wa_Igoma
Wanangu mmeongea hesabu vizuri, mimi naongeza la meza. Kabla ya kugusa vizibo jiulize unataka nani afanye nini. Kama unataka mwenye pea ndogo akulipe, je yupo wa kukulipa? Kama unataka mwenye bora kuliko wewe atupe, je huyo huwa anatupa? Vijana wa kuchezea vizibo hawatupi, wanataka kuona mwisho wake, nimekaa nao. Mtu asiyetupa usimdanganye, msubiri ukiwa nacho umtoze. Na angalia umekaa wapi: wewe umebeti huku nyuma yako kuna wawili hawajasema neno. Ungekuwa wa mwisho ungewaona wote kwanza, na wote wakicheki ungeweza kuchukua karata ya nne bure.

Karabai_Nane
Shikamoo mzee, hilo la kukaa sikuwahi kuliwaza, mi nilikuwa nachagua upande wenye kivuli.

Mzee_wa_Igoma
Marahaba. Kukaa kunazunguka na mgawaji, kwahiyo kivuli baki nacho, ila ukiwa wa mwanzo kusema pandisha na aina chache zaidi za karata, zile nzuri tu.

Karabai_Nane
Narudi na mrejesho, siku tatu zimepita. Jana nimekuwa mgawaji, A-10 mkononi, nikapandisha 6, akafuata mmoja tu yule yule wa 10-7, katikati 13. Flopu K-7-2, rangi tatu. Akacheki. Moyo unadunda nikaweka 5. Akainua karata zake akazichungulia mara ya pili, akazirudisha chini taratibu, akatupa. Raundi tatu mbele nimekuta Q-J-9 watu wanne nikiwa na A-5, mkono ukaniwasha ila nikacheki, wawili wakaanza kupigana wenyewe, mmoja akafunua K-10.

Jana hiyo sato kanunua mwingine. Mwezi sasa unachelewa kutoka, leo mitumbwi inaingia majini, tutaendelea mbalamwezi ijayo.

Nansio_Boy
Huyo alikuwa na nini kwenye K-7-2, alisema?

Karabai_Nane
Kagoma kusema mpaka leo.