Utepe wa plastiki au ukanda wa mwili wenyewe: upasuaji upi kwa mkojo unaovuja?

BintiKigoma
Shikamooni wakubwa zangu. Mama yangu ana miaka 58 na mkojo humtoka kila anapokohoa, anapocheka au anapoinua ndoo. Amefanya mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga kwa miezi mingi, akapata nafuu ndogo tu. Daktari amemtajia njia mbili: utepe wa nyuzi za plastiki unaopitishwa chini ya mrija wa mkojo, au ukanda unaokatwa kwenye utando mgumu wa misuli ya tumbo lake mwenyewe. Naomba mnilinganishie, nikizingatia kwamba hospitali ya rufaa iko mbali nasi na kwamba mama ameacha hata kwenda misibani.

MuuguziMstaafu
Marahaba, mwanangu. Kwanza hakikisheni aina ya uvujaji, kwa kuwa njia hizo mbili humfaa anayevuja akikohoa au akibeba mzigo, si yule anayebanwa ghafla asifike chooni. Huyo wa pili husaidiwa zaidi kwa dawa, au kwa sindano za botoksi (dawa ya kulegeza misuli) kwenye kibofu, ambazo hurudiwa nguvu yake inapokwisha. Na mama anayelowa usiku na mchana tangu uzazi mgumu achunguzwe fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, kabla ya jambo lingine lolote.

Utepe wa plastiki ulianzia Sweden katika miaka ya 1990, kwa kazi ya Ulf Ulmsten. Kidonda chake ni kidogo, mgonjwa hurudi nyumbani mapema, na wanawake wengi wameacha kuvuja kabisa. Hata hivyo plastiki ile haiyeyuki mwilini: kwa baadhi yao hutokeza ukeni au huleta maumivu wakati wa tendo la ndoa, na kuiondoa ni kazi ngumu ambayo pengine haikamiliki. Uingereza ilisitisha matumizi yake ya kawaida Julai 2018 kwa sababu ya malalamiko hayo. Watu huchanganya uamuzi huo na ule wa Marekani wa Aprili 2019, ambao ulizuia kuuzwa kwa nyavu za kushikilia viungo vya nyonga vilivyoshuka ukeni, wala haukugusa utepe huu.

BiMwanaTanga
Mimi nilifanyiwa upasuaji wa ukanda wa tumbo. Sitamficha mwenzangu: kidonda cha tumbo kiliuma kuliko nilivyotarajia, na mpira wa mkojo ulipoondolewa sikuweza kukojoa vizuri, ikabidi nifundishwe kujipitishia mpira mwenyewe kwa wiki kadhaa. Baada ya hapo hali ilitulia, na leo nachota maji bila pedi. Kilichonituliza moyo ni kujua kwamba sina kitu kigeni mwilini ambacho siku moja kingehitaji bingwa wa mbali kukitoa.

TabibuWaZamu
Daktari hakutaja njia ya tatu, nayo ni ya kushona kuta za uke pembeni mwa shingo ya kibofu na kuziambatisha kwenye kano iliyo nyuma ya mfupa wa kinena, kama alivyoeleza Burch mwaka 1961. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007, wenye wanawake 655, uliilinganisha na ukanda wa tumbo. Baada ya miaka miwili, waliofanikiwa kwa uvujaji wa kukohoa walikuwa asilimia 66 kwa ukanda na 49 kwa mishono, lakini wenye ukanda walipata zaidi maambukizi ya mkojo na shida ya kukojoa. Kwa mama anayeishi mbali na bingwa, mimi ningeuchagua ukanda, mradi daktari awe ameuzoea.

MzeeReli
Na sisi wanaume? Niliondolewa tezi dume kwa sababu ya saratani, na bado navuja.

MswahiliLeicester
Pole sana, mzee wangu. Kama mwaka haujatimia, mazoezi bado yanaweza kukuongezea nafuu. Kwa uvujaji mdogo au wa kiasi upo utepe wa wanaume, ingawa hauwafai sana waliopigwa mionzi. Kwa uvujaji mkubwa hutumika kizuizi bandia, nami ninacho: mkanda uliojaa maji huubana mrija wa mkojo, nikitaka kukojoa nabonyeza pampu ndogo iliyo kwenye mfuko wa korodani, na baada ya dakika chache mkanda hujaa tena wenyewe. Huanza kutumika wiki kama sita baada ya upasuaji, na wengi huhitaji kufanyiwa marekebisho miaka ya baadaye. Jambo la hatari, na naomba ulishike, ni kwamba mtu asikupitishie mpira wa mkojo kabla kifaa hakijazimwa, kwa kuwa mrija unaweza kujeruhiwa. Mimi hubeba kadi inayosema hivyo. Kabla ya kukubali, uliza ni nani karibu na kwako anayeweza kukizima usiku wa dharura.

BintiKigoma
Nawashukuru nyote. Mama anaelekea kwenye ukanda, ila anauliza kama anaweza kufundishwa kutumia mpira kabla ya upasuaji.

MuuguziMstaafu
Anaweza, na ningemsihi asikubali tarehe ya upasuaji kabla hajafundishwa. Ajaribu mwenyewe kliniki, muuguzi akiwa pembeni, na wewe ujifunze pamoja naye. Waombe pia wapime kiasi cha mkojo kinachobaki kibofuni baada ya kukojoa, kwa maana kikiwa kingi tangu sasa, ukanda utamzidishia taabu.