Ukoo wa Chumbageni 🌴: Jumapili ya Beverly Hills

JUMATANO

Saumu Inglewood 20:05
Assalaam alaykum ukoo. Mahafali ya Zuhura yamepita salama alhamdulillah. Sasa zamu ya wageni. Jumapili tunawapeleka shangazi Bi Zena na Mzee Kombo Beverly Hills. Nataka majina ya wanaokwenda kabla ya kesho jioni, nijue ni gari moja au mawili. Saa 3 kamili tuko njiani.

Saumu Inglewood 20:06
Mwajuma umeona?

Saumu Inglewood 20:41
Watu 11 wamesoma. Hata salamu hamuitikii.

Bakari Tanga 20:43
Waalaykum salaam dada. Nikidaka bajaji hapa Chumbageni sasa hivi nitawahi?

Saumu Inglewood 20:43
Bakari nyamaza.

Salma Dar 20:50
Saa 3 ya Waswahili au ya Wazungu? Maana juzi ulimwambia Mzee Kombo saa 3 akaamka kuoga usiku wa manane 😂😂

Saumu Inglewood 20:51
Saa 3 ASUBUHI. Simu za huku zinaandika 9.

Zuhura 21:02
Da Saumu si twende tu Hollywood? Kule kuna zile nyota za chini barabarani, na ni bure

Saumu Inglewood 21:10
Mtoto umesoma miaka yote hapa hujui hata hilo? Hollywood ni mtaa wa jiji la Los Angeles. Beverly Hills ni mji peke yake tangu 1914, una meya wake, polisi wake, shule zake. Umezungukwa na Los Angeles na West Hollywood kama kisiwa, kilomita za mraba kama 15 tu, watu hawafiki 33,000. Mwaka 1923 Los Angeles ilitaka kuumeza. Waliokataa ni wacheza filamu, Mary Pickford, mumewe Douglas Fairbanks, Will Rogers na wenzao, wakafanya kampeni mpaka kura ya kuungana ikaanguka. Walikuwa wanane, mnara wao uko kona ya Olympic na Beverly Drive. Napita pale kila siku nikienda kazini.

Saumu Inglewood 21:12
Na msije mkaniuliza studio ziko wapi. Paramount ndiyo iko Hollywood, Warner na Disney wako Burbank, Sony wako Culver City. Beverly Hills ndiko wanakolala wenye majina, ndiko kwenye mawakala na wanasheria wao. Hata hao wanaotoa Oscar ofisi yao iko barabara ya Wilshire, humo humo.

Bakari Tanga 21:15
Kwa hiyo Lupita alikabidhiwa Oscar yake huko

Saumu Inglewood 21:16
Hapana. 2014 sherehe ilikuwa Hollywood, ukumbi wa Dolby. Beverly Hills wao wana tuzo za Golden Globe, pale hoteli ya Beverly Hilton. Ile aliyofia Whitney Houston.

Salma Dar 21:17
Weeee! Ndiyo hiyo??

Salma Dar 21:19
Februari 2012 nilikuwa na mimba ya mdogo wake Nasri. Nililia mpaka mama mkwe akavaa kanga ya kwenda msibani, akajua tumefiwa. Akauliza marehemu ni wa upande gani

Bakari Tanga 21:20
Ukamwambia upande wa Marekani 😂

Saumu Inglewood 21:25
Jamani MAJINA.

Hafidh Muscat 23:48
Na nyumba ya Mbwana mtawaonyesha?

Mwajuma Long Beach 23:55
Hafidh, tafadhali. Mama husomewa humu kila kitu.

Hafidh Muscat 23:58
Nimeuliza tu. Picha iko sebuleni mpaka leo. Amesimama mbele ya jumba la rangi ya waridi, nyuma kaandika "Nyumbani, Beverly Hills 1998". Barua zote zina namba ya posta ya huko, 90210. Na mabati ya nyumba ya mama tuliyoahidiwa yako wapi? Mimi ndiye niliyekuwa nasogeza ndoo usiku mvua ikinyesha, si nyinyi.

ALHAMISI

Saumu Inglewood 07:30
Hilo jumba la waridi ni hoteli, Beverly Hills Hotel. Ilifunguliwa 1912, mji wenyewe bado haujawa mji. Kila mgeni anapiga picha pale. Siku hizi ni mali ya Brunei.

Bakari Tanga 07:33
Kumbe kaka Mbwana alipanga kwa Sultani

Saumu Inglewood 07:34
Bakari!!

Saumu Inglewood 07:40
Na hiyo 90210 isikusumbue Hafidh. Iko milima mizima inaandika 90210 na iko Los Angeles. Tena Beverly Hills si majumba matupu. Juu ya barabara ya Sunset ndiko mageti na kamera. Ukishuka kusini ya Wilshire unakuta fleti za kupanga, mama na watoto watatu vyumba viwili, wanabanana ili watoto wapate shule za kule. Bibi ninayemtunza mimi yuko huko kusini. Ana miaka 91, dirisha lake linatazama ukuta.

Mwajuma Long Beach 13:20
Naomba tubadili mazungumzo. Mama atakula nini huko?

Saumu Inglewood 13:41
Nimeshapanga. Tunatembea Rodeo Drive (wanatamka Rodeyo, msinitie aibu), tunatazama madirisha ya maduka, hatununui hata pini. Tunapiga picha kwenye bwawa la mayungiyungi, mijakaranda imechanua barabara nzima zambarau. Halafu chakula Westwood kwa Wairani, wali na mishkaki. Beverly Hills kwenyewe Wairani wamejaa, wengi Mayahudi waliohama baada ya 1979. 2007 meya alikuwa Jimmy Delshad, mzaliwa wa Shiraz.

Bakari Tanga 13:44
SHIRAZ??? Huyo ni wa kwetu! Bi Zena abebe ile karatasi ya ukoo tukadai kiwanja

Mzee Kombo 13:50
SISI NI WASHIRAZI WA KWELI BABU YANGU ALITOKA KULE KWA JAHAZI

Salma Dar 13:52
Baba mdogo jana babu alitoka Pangani

Mzee Kombo 13:58
ALIPITIA

Saumu Inglewood 14:05
Kama ni kudai, wa kudai wapo kabla yenu. Pale Beverly Hills palikuwa shamba la mwanamke mweusi, María Rita Valdez, babu yake ni katika walioanzisha Los Angeles 1781. Yeye akapewa shamba 1838, Rancho Rodeo de las Aguas, akaja kuliuza 1854. Baadaye wenye kampuni wakatoboa kutafuta mafuta, wakapata maji. 1906 wakaona bora wakate viwanja.

Salma Dar 14:09
Kama shamba la Mkanyageni lilivyokwenda

Mwajuma Long Beach 14:10
Salma usianze.

Salma Dar 14:10
Sijasema jina la mtu

Mzee Kombo 14:31
SAUMU HUKO SIGARA ZINAPATIKANA

Saumu Inglewood 14:33
Shikamoo baba mdogo. Madukani haziuzwi, wamepiga marufuku tangu 2021. Ni mji wa kwanza Marekani kufanya hivyo.

Mzee Kombo 14:34
BASI MIMI SIENDI

Saumu Inglewood 22:15
Nina majina mawili. Moja ni la Bakari aliye Tanga.

Bakari Tanga 22:16
Nimeshavaa

IJUMAA

Bi Zena 19:12
🎤 Ujumbe wa sauti (2:51)

Bakari Tanga 19:20
Bando limekata, nani anisimulie

Zuhura 19:34
Bibi ameniambia niandike kama alivyosema, nisipunguze neno:

"Assalaam alaykum wanangu. Nimesomewa yote. Mbwana hakunidanganya hata siku moja. Tangu barua ya kwanza aliniambia anaosha magari, analala chumba kimoja na vijana wanne, alfajiri anapanda basi la Wilshire. Picha nilimwomba mimi, nione anakoshinda mwanangu. Akaenda kuipiga siku ya mapumziko, na shati la kuazima, mikono mirefu mpaka vidoleni, itazameni vizuri. Maneno ya nyuma aliandika kunichekesha, na nilicheka. Nyinyi ndio mliotangaza mtaa mzima kwamba Bi Zena ana mtoto tajiri. Na pesa ya mabati ilifika, Hafidh. Ilikwenda chuo Zanzibar, miaka mitatu. Mbwana alijua, akasema sawa mama, ndoo zipo. Mimi sitaki majumba wala madirisha. Nataka nipande basi lake, nishuke aliposhuka, nikae kituoni nusu saa, nirudi. Saumu, ahsante mwanangu, gari usihangaike nalo."

Hafidh Muscat 19:41
🚫 Ujumbe huu ulifutwa

Hafidh Muscat 19:52
🚫 Ujumbe huu ulifutwa

Saumu Inglewood 21:07
Sawa shangazi.

Saumu Inglewood 21:15
Kutoka Long Beach ni treni mpaka katikati ya jiji, halafu basi la Wilshire, 20 au 720. Nauli dola 1.75. Ni kama saa mbili kwenda tu. Mabasi hayo asubuhi yanajaa wafanyakazi wa ndani na wapishi, lakini Jumapili kiti atapata. Mwajuma utakuwa naye?

Mwajuma Long Beach 22:30
Jumapili niko zamu mpaka saa 8 mchana. Nimejaribu kubadilishana, bado sijajibiwa.

Mzee Kombo 22:41
NITAKWENDA NA DADA. SIGARA NAACHA HAPA NYUMBANI

Salma Dar 22:44
Mzee Kombo na Bi Zena peke yao kwenye treni la Marekani? Mungu ailinde Marekani

JUMAMOSI

Hafidh Muscat 04:16
Mama nisamehe. Nitapiga simu ukiamka.

Hafidh Muscat 04:17
Kuna anayejua alikuwa akishuka kituo gani?

Saumu Inglewood 08:02
Aliwahi kunitajia. Ama La Cienega ama Robertson. Vyote viko Wilshire, haviko mbali. Mwajuma barua ziko kwako au zilibaki Tanga?

Bakari Tanga 08:30
Ziko huku kwenye sanduku la Bi Zena. Funguo anayo yeye

Saumu Inglewood 08:33
Basi mimi saa 3 nitawangoja kituo cha treni Long Beach, ASUBUHI. Zuhura unakuja? Mwajuma nijulishe kuhusu zamu. Nasri wa Salma alisema yuko Los Angeles wiki hii, kimya chake ni cha nini?

Zuhura 10:19
Nakuja. Bibi anauliza, basi lina choo?

Saumu Inglewood 10:20
Halina. Hebu ngoja.