Kuzunguka jiji kubwa peke yako na mfuko mwembamba: pesa huvujia wapi?

Chausiku_77

Wakuu, heshima kwenu. Naomba muongozo wa vitendo. Safari ni ya siku sita, jiji kubwa la ugenini, mtu mmoja, hakuna mwenyeji wala wa kugawana naye gharama. Tiketi ya ndege imeshalipwa. Kilichobaki ni kitanda, usafiri wa mjini, chakula na viingilio, na fungu lenyewe ni la kujibana kweli kweli.

Kulala pembeni ya jiji kunaokoa pesa au ni danganya toto? Pasi ya usafiri ya siku na ya wiki, ipi inalipa? Simu niiandae vipi ramani isinikatikie njiani? Na jioni mtu wa peke yake ajipange vipi?

Wa "si uulize Google" tafadhali apite kimya kimya.

MguuMwepesi

Karibu dada. Anza na kitanda, maana hapo ndipo msafiri wa peke yake anapoumia. Wawili hugawana chumba na teksi; wewe kila bili ni yako nzima.

Usilinganishe bei ya kitanda kwa kitanda. Chukua bei ya usiku mmoja, ongeza nauli ya kwenda mjini na kurudi, ongeza kodi ya mgeni ambayo majiji mengi hutoza kwa kila kichwa kwa kila usiku (mara nyingi unalipa ukifika, haimo kwenye bei ya mtandaoni), ongeza shuka na taulo kama hosteli inakodisha. Hapo sasa linganisha. Halafu angalia muda: dakika 40 kwenda na 40 kurudi, mara siku sita, ni saa 8. Siku nzima ya matembezi imeishia kwenye behewa.

Pembeni si pabaya kila mara, lakini. Kinachopimwa ni umbali wa kituo, si umbali wa katikati ya jiji. Kitanda kilicho mwendo wa dakika 10 kwa mguu kutoka kituo cha treni inayokwenda mjini moja kwa moja kinakishinda kilicho karibu kwenye ramani ila kinakudai ubadilishe basi mara mbili. Kabla ya kulipa tafuta saa ya treni ya mwisho, na utafute ya Jumapili, kwa sababu Jumapili na sikukuu ratiba hupungua. Ukiachwa na hiyo treni, teksi moja ya usiku inaweza kumeza ulichookoa wiki nzima kwa kulala mbali.

Maoni ya wageni: panga kuanzia mapya, soma ya nyota mbili na tatu. Ya nyota moja mengi ni hasira, ya tano mengi ni adabu. Ya katikati ndiyo yanayotaja kelele za baa ya chini, maji ya moto yanayoisha asubuhi, na jiko ambalo halina hata sufuria. Hilo la sufuria ni muhimu kama umepanga kujipikia.

Ukifika chumbani begi lisiguse kitanda wala zulia. Funua shuka kwenye kona za godoro upande wa kichwani, mulika mshono kwa tochi ya simu. Vidoa vyeusi kama nukta za kalamu, vimejipanga kufuata mshono, ni kinyesi cha kunguni. Omba chumba kingine wakati huohuo, tena kisicho jirani na hicho.

Kufuli beba la kwako, la namba, lenye shingo nyembamba ya milimita 5 hivi. Makufuli mazito shingo yake haipiti kwenye tundu la kabati, na utalazimika kununua jingine pale mapokezi kwa bei wanayotaka wao.

PasiNaRatiba

Mguu kamaliza kitanda, mimi nachukua pasi.

Gawanya bei ya pasi ya siku kwa nauli ya safari moja. Ukipata 3.4, pasi inaanza kulipa kwenye safari ya nne. Sasa hesabu safari zako bila kujidanganya. Anayepanga mitaa jirani kwa siku moja hupanda chombo mara mbili au tatu tu, iliyobaki ni miguu. Pasi nyingi hununuliwa kwa woga.

Pasi ya wiki ina mtego wake: uliza wiki inahesabiwaje. Paris, pasi ya wiki ya Navigo inaanza Jumatatu na kuisha Jumapili. Ukiinunua Alhamisi umelipia siku saba, umetumia nne. Kwingine siku saba zinaanza pale unapoitumia mara ya kwanza. Maneno "pasi ya wiki" ni yaleyale, pesa si ileile.

Kuna majiji ambayo huhitaji pasi kabisa. London unagusa kadi ya benki kwenye mashine, mfumo unajumlisha nauli zako, ukifika kikomo cha siku hautozi tena. Sharti ni kutumia kitu kimoja mwanzo hadi mwisho. Ukigusa kadi ya plastiki asubuhi na simu jioni, hata kama ni akaunti ileile, mfumo unaona abiria wawili na kikomo hukifikii. Kwenye treni gusa ukiingia na ukitoka. Usipogusa wakati wa kutoka unakatwa nauli ya juu kabisa. Kwenye basi unagusa ukiingia tu.

Muda wa kubadilisha nao usome vizuri. Mabasi ya London: ndani ya saa 1 tangu mguso wa kwanza, basi la pili na la tatu halikutozi, hata kama unarudi ulikotoka. Berlin: tiketi moja ya kanda A na B (kanda ni maeneo ya nauli) inadumu saa 2, lakini kwa kwenda mbele tu. Ukigeuza nayo kurudi, umepanda bila tiketi. Tena huko Ujerumani na Italia tiketi nyingi za karatasi lazima uzigonge mhuri kwenye kimashine. Ambayo haijagongwa ni sawa na huna, na mkaguzi hana habari na "mimi mgeni".

Uwanja wa ndege: pasi ya katikati ya jiji mara nyingi haifiki huko, angalia kanda. Na treni yenye jina kubwa la "ekspresi" karibu kila mara ina ndugu yake wa kawaida aliye nafuu. Kutoka Heathrow, kwa mfano, treni ya chini ya ardhi ya Piccadilly inafika katikati ya London. Inachukua muda zaidi, basi.

Nyongeza ndogo. Kwenye jiji lenye maji, tafuta kivuko cha wananchi kabla ya boti ya watalii. Feri ya Staten Island huko New York ni bure tangu 1997, dakika 25 hivi, na inapita mbele ya Sanamu ya Uhuru. Ukitoka Manhattan kaa upande wa kulia.

Chausiku_77

Asanteni sana, hiyo ya kadi na simu kuhesabiwa watu wawili sikuijua. Nikishapakua ramani ya Google ya jiji zima kabla ya kuondoka, bado nitahitaji bando?

LainiMbili

Utahitaji. Ramani ya Google iliyopakuliwa, bila intaneti, inakuonyesha njia ya gari tu. Njia ya mguu na ya usafiri wa umma haitoi, na hizo ndizo mbili unazozitaka. Weka programu ya pili inayotumia data ya OpenStreetMap (ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea), kama Organic Maps au OsmAnd. Hizo zinakupa njia ya mguu bila bando. Pakua kwa Wi-Fi, kisha ijaribu simu ikiwa kwenye hali ya ndege kabla hujasafiri. Ratiba za treni na mabasi utakazotumia, zipige picha.

GPS yenyewe haili bando, inataka anga. Ukitoka kituo cha chini ya ardhi katikati ya maghorofa, kidoti cha buluu huruka hadi mtaa wa pili kwa sababu mawimbi yanagonga kuta na vioo kabla ya kufika kwenye simu. Mshale wa uelekeo pia hudanganya. Soma jina la mtaa ukutani, tembea mita 30, tazama kidoti kinasogea upande gani. Kikienda kinyume, geuka. Wengi hupotea hapo mlangoni mwa kituo, wakishaianza njia vizuri hawapotei tena.

Laini ya nyumbani usiitoe kwenye simu. Benki inatuma namba ya kuthibitisha malipo kwa SMS, na usipoipata kadi yako ni kipande cha plastiki. Nenda kwa kampuni yako ya simu kabla ya safari, wakufungulie huduma ya kutumia laini nje ya nchi, uliza gharama ya kupokea SMS, kisha zima data kwenye laini hiyo tu. Bando liwe kwenye laini ya pili.

Pawabanki ya mAh 10,000 (mAh ni kipimo cha ujazo wa betri) haichaji simu ya mAh 5,000 mara mbili. Umeme unapandishwa kutoka volti 3.7 hadi 5 na sehemu inapotea kama joto. Tegemea mara moja na kidogo. Kwenye ndege iwe begi la mkononi, si la kupakiwa chini.

MamaKisiwani

Mwanangu, mimi niseme la pesa na la jioni.

Fedha zikae sehemu tatu: ya kutumia leo mfukoni, kadi moja ndani ya nguo, kadi ya pili na noti za dharura kwenye kabati lenye kufuli. Kadi mbili zisilale pochi moja hata usiku mmoja. ATM ikikuuliza "tukate kwa sarafu ya nchini kwako?" jibu ni hapana. Chagua sarafu ya pale ulipo. Ukikubali, kiwango cha kubadilishia anakipanga mwenye mashine, na anajilipa humohumo. Swali hilohilo huja kwenye mashine za dukani, tena muuzaji anaweza kulibonyeza kwa niaba yako, kwa hiyo tazama kioo mwenyewe. Kama ada ya ATM ni ileile kwa kiasi chochote, toa mara chache na nyingi kidogo.

Simu huporwa pale unaposimama ukingoni mwa barabara ukisoma ramani. Pikipiki inapita, mkono unanyooka, imekwenda. Ingia dukani au egemea ukuta, soma kona mbili za mbele, weka simu ndani, tembea. Zikiisha hizo mbili, simama tena. Anayekuvalisha bangili "ya zawadi" au kukupa karatasi utie saini anahitaji mikono na macho yako yashughulike. Askari asiye na sare anayetaka kuhesabu noti zako, mwambie twende kituoni.

Usiku chagua njia yenye maduka yaliyo wazi hata kama ni ndefu, na behewa lenye watu. Ukiulizwa uko na nani, kuna mtu anakusubiri. Nyumbani ateuliwe mtu mmoja wa kumtumia ujumbe saa ileile kila jioni, na mkubaliane akikosa ujumbe kwa saa ngapi ndipo aanze kupiga simu, na apige wapi. Bila hilo la mwisho, ujumbe ni salamu tu.

MguuMwepesi

Shikamoo mama, umenifunika. Naongezea la mpango wa siku, maana uchovu nao unakula pesa: aliyechoka hupanda teksi na kula palipo karibu.

Chora vituo vyako vyote kwenye ramani, vizungushie makundi, kundi moja kwa siku. Mtu hutembea kilomita 4 hadi 5 kwa saa barabara ikiwa nyeupe, lakini kwa kusimama na kutazama hesabu 2 hadi 3. Kilomita 12 kwa siku zinamtosha asiyezoea. Viatu visiwe vipya. Ngozi ikianza kuwaka moto kisiginoni, bandika plasta ya kitambaa wakati huohuo. Lengelenge likishajaa umepoteza siku mbili.

Viingilio visikutishe. British Museum ya London na makumbusho ya Smithsonian ya Washington ni bure. Makumbusho ya serikali ya Italia ni bure Jumapili ya kwanza ya mwezi, ila foleni yake iwahi asubuhi. Bure haimaanishi huhitaji kuweka nafasi mtandaoni. Angalia pia siku ya kufungwa: makumbusho ya Louvre ya Paris hufungwa Jumanne, Orsay jirani yake Jumatatu. Ziara za mguu za "bure" zinaendeshwa na bakshishi, kwa hiyo beba noti ndogo.

Mlo wa moto ule mchana. Migahawa mingi ina sahani maalumu ya mchana, na jioni jiko lilelile linauza kwa bei ya juu. Jioni jipikie. Chupa ya maji usiiache; Roma, kwa mfano, imejaa mabomba ya barabarani ya maji ya kunywa.

Chausiku_77

Shikamoo zote kwa mama 😄. Swali la mwisho: tiketi inasema natua tarehe 12 saa 00:40. Kitanda nimeweka kuanzia tarehe 12.

PasiNaRatiba

Simama hapo hapo, rekebisha leo. 00:40 ya tarehe 12 ni saa 6 na dakika 40 usiku, usiku ule wa kuamkia tarehe 12. Kwa hoteli huo ni usiku wa tarehe 11. Kitanda chako cha tarehe 12 kinafunguliwa mchana, saa 8 au 9, na wewe utakuwa mlangoni usiku wa manane.

Njia ni mbili. Weka usiku wa tarehe 11 na uwaandikie kwamba utafika baada ya saa 7 usiku. Kama mapokezi hufungwa, wakupe namba ya kufungulia mlango kwa maandishi. Au baki uwanja wa ndege hadi treni ya kwanza, ukishahakikisha kwamba jengo halifungwi usiku. Ratiba ikiandika 05:10, hiyo ni saa 11 na dakika 10 alfajiri. Weka kengele ya simu kwa tarakimu za ratiba, usitafsiri kichwani ukiwa na usingizi. Ukifika hosteli asubuhi omba kuacha begi. Nyingi hupokea kabla ya muda wa kuingia, baadhi kwa ada, kwa hiyo uliza kwenye barua pepe hiyohiyo.