Mkoba usiojaa: unainogesha hadithi au unaiua?

Wakuu, nimesoma hadithi za fantasia miaka mingi na kuna kitu kimoja kinanikera. Ni ule mkoba wa ajabu: kwa nje unaenea kwapani, kwa ndani unameza ghala zima. Shujaa kapotea jangwani, anazamisha mkono hadi begani, anaibuka na pipa la maji. Kafika kwenye ukuta, anachomoa ngazi. Kafungwa kamba, anatoa kisu ambacho hatukuwahi kuona akikiweka. Nitasema wazi: mkoba usio na masharti ni uvivu wa mwandishi.

Safari ya hadithini utamu wake ni mzigo. Mtu akilazimika kuchagua abebe kiriba cha maji au upanga wa marehemu baba yake, hapo ndipo ninapomjua. Mpe mkoba wa kubeba vyote viwili, na kitanda juu yake, umeninyima huyo mtu.

Sisemi mikoba hii ipigwe marufuku. Wanaocheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi kwa kete uliotoka mwaka 1974, wanajua inavyoweza kufungwa breki. Kwa kanuni za toleo la tano, la mwaka 2014, mkoba wao mwisho wake ni ratili 500, karibu kilo 227, na wenyewe una uzito wa ratili 15 tu, uwe mtupu au umejaa. Hadi hapo ni raha tupu. Lakini ukichanika umekwisha, na vilivyomo vinatawanyika katika ulimwengu mwingine. Ukiuingiza ndani ya kifaa kingine cha namna yake, vyote viwili vinaharibika na kufungua tundu linalovuta kila aliye karibu. Na kiumbe anayepumua akiwekwa humo, hewa inamtosha dakika 10. Wakiwa wawili, dakika 5.

Siku moja mchezoni tulimteka mlinzi wa lango, tukakosa pa kumficha, tukamtumbukiza mkobani. Msimamizi wa mchezo hakusema neno. Alichukua simu yake, akaweka dakika kumi zihesabike kurudi nyuma, akailaza mezani katikati ya kete. Dakika mbili za mwanzo tulibishana njia ya kupita kama kawaida yetu. Baada ya hapo hakuna aliyetazama ramani tena, macho yote kwenye simu. Mkoba uleule, wiki nzima ulikuwa stoo yetu ya kutupia takataka, leo umetukausha midomo.

Karibuni tubishane.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, kwa heshima zote, unasoma hadithi kama mhasibu. Mchukue Mary Poppins, yule yaya wa ajabu katika kitabu cha P. L. Travers cha mwaka 1934. Watoto wanachungulia begi lake, hamna kitu. Yeye anatoa aproni, sabuni, mswaki, kiti cha kukunja, mwishowe kitanda na mablanketi yake. Hakuna ratili, hakuna dakika, hakuna maelezo. Ukimuuliza imekuwaje atakutazama kwa jicho lile la yaya mpaka ujute kuuliza. Angekuja na kanuni za ujazo mkononi, nani angemkumbuka leo?

Mleta mada

Hilo nakubali, tena bila kinyongo. Ila angalia begi lile linafanya kazi gani. Linamtambulisha yaya, basi. Hakuna aliyeokolewa na kile kitanda. Ugomvi wangu ni pale mkoba unapotatua shida ambayo mwandishi mwenyewe ameitega.

Linganisha na kile kipochi cha shanga cha Hermione, rafiki mchawi wa Harry, katika kitabu cha mwisho cha Harry Potter, cha mwaka 2007. Kimebeba hema, nguo, na vitabu ambavyo vikiporomoka ndani vinasikika kama shehena. Kwa hesabu ya kawaida yeye na wenzake wanaojificha wangekaa porini kwa starehe. Lakini chakula hawana, na uchawi wao hauwezi kuumba chakula pasipo na kitu. Njaa hiyo ndiyo inayochangia kuwagombanisha hadi mmoja anaondoka. Mwandishi aliwapa kila kitu akawanyima mlo. Hapo namvulia kofia.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni wa michezo ya kompyuta, na huko hoja yako ya mzigo inanichosha. Kila nikiokota ngao naambiwa nimezidisha uzito, natembea kama konokono, nasimama robo saa kuchagua nitupe supu au mishale. Sijajifunza lolote kuhusu tabia ya mhusika wangu. Nimejifunza kwamba nina supu nyingi. Nipeni mkoba usio na mwisho niendelee na safari.

Mchangiaji wa tatu

Nyote mmeruka Alfu Lela Ulela. Humo kuna kisa cha Ali Mwajemi na Mkurdi wakigombea kimkoba mbele ya kadhi. Kadhi anawataka wataje kilichomo. Mkurdi anaanza na vitu vya maana, kisha anaongeza ng'ombe, simba jike, na kundi la Wakurdi walio tayari kushuhudia kwamba mkoba ni wake. Ali naye hakubali kuzidiwa: wake una nyumba iliyobomoka, shule ya wavulana, miji ya Basra na Baghdad, na wahuni elfu moja wa kumtolea ushahidi. Wanapokezana hivyo mpaka kadhi anaamuru ufunguliwe. Ndani: mkate, limau, jibini na zeituni. Ali akautupa mbele ya mwenzake akajiendea zake.

Sasa mleta mada, mkoba ule una masharti gani? Hauna hata moja, na kisa ni kitamu kuliko vyote mlivyotaja.

Mleta mada

Umenibana, lakini sijatoka mkono mtupu. Utamu wote uko kwenye ile limau. Tungeachiwa Basra na Baghdad zikatoka kweli mkobani, baada ya mji wa tatu ungepiga miayo. Kadhi kaufungua, tumeona. Yule shujaa wa jangwani mkoba wake haufunguliwi kamwe, unatoa tu.

Wa supu sina la kukujibu. Hata mimi huwa natupa mishale.

Mchangiaji wa kwanza

Haya yote tutayamaliza kesho. Tuambie kwanza, yule mlinzi alitoka mzima?

Mleta mada

Alitoka zikiwa zimebaki sekunde arobaini. Kitu cha kwanza alichouliza ni nani kaweka samaki humo ndani.