Mjadala: Aliyelipia safari ya mwandishi atajwe kwenye habari ya sanaa?

MLETA MADA: Mwaka jana kikundi chetu kilicheza igizo siku nne kwenye ukumbi mdogo hapa Nairobi. Tulipeleka mialiko kwa magazeti, tukapiga simu, tukatenga viti vya mbele. Hakuja mwandishi hata mmoja. Jumamosi yake gazeti moja likatoa kurasa mbili nzima kuhusu tamasha la muziki la kampuni fulani. Meneja wa mauzo amenukuliwa mara tatu, mpiga saksafoni hakunukuliwa hata mara moja! Baadaye nikajua kampuni ndiyo iliyomleta mwandishi, ikamlisha na kumrudisha nyumbani. Simsemi mla bahasha, yule mwandishi anayehongwa ili aandike; huyo tunamjua. Nasema huu utaratibu unaoonekana safi. Kanuni za maadili zilizotolewa pamoja na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 zilimtaka mwanahabari apinge shinikizo la watu wa nje, na wenye matangazo ya biashara walitajwa humo waziwazi.

MWANDISHI WA ZAMANI: Dada, uchungu wako naujua. Dawati letu la burudani lilikuwa na watu wanne, tukabaki wawili, mwishowe mimi peke yangu na kurasa zilezile za kujaza kila wiki. Kampuni inaleta taarifa iliyokwisha kuandikwa, picha safi na gari. Nyinyi mnatuma bango kwa WhatsApp saa kumi jioni, onyesho ni saa kumi na mbili. Hakuna aliyewahi kuniambia "wale usiwaguse". Nilijua tu nani hununua ukurasa mzima wa tangazo, kwa hiyo vipaza sauti vyake vikikwaruza usiku kucha, mimi naandika kuhusu umati. Lakini tusisahau mema ya wadhamini: jumba la maigizo la Kenya National Theatre lilikarabatiwa kwa pesa za kampuni ya bia ya East African Breweries, likafunguliwa tena 2015.

MLETA MADA: Kaka, pale nimecheza baada ya ukarabati na nashukuru. Ila jumba hilo limekuwapo tangu 1952 na ni la umma. Mwandishi wa sanaa anapaswa kuuliza kwa nini lingoje kampuni ya bia ndipo lirekebishwe. Atauliza vipi akiwa ameketi kwenye meza ya mdhamini?

MCHORA MATATU: Mnahangaika na magazeti ya nini? Kazi zetu watu huziona TikTok.

MLETA MADA: Huko nako kuna wanaolipwa kusifu, ndugu yangu. Ninachoomba ni mstari mmoja chini ya habari: usafiri na tikiti za mwandishi zimelipwa na fulani. Wasifie wanavyotaka, lakini msomaji ajue.

MWANDISHI WA ZAMANI: Mstari huo niliuandika mara moja. Gazeti lilipotoka asubuhi haukuwemo. Nilipita mbele ya ofisi ya mhariri siku hiyo yote na sikuingia kuuliza.