Malindi tukijengewa ukumbi mkubwa wa mikutano, tuanzie wapi?

Kijana wa Shela: Salaam ndugu zangu, hapa mjini mahoteli tunayo na bahari tunayo, lakini mkutano wa watu elfu mbili unaenda Mombasa au Nairobi. Mnaonaje tujengewe kitu kama KICC, ule ukumbi mkubwa wa mikutano wa Nairobi?

Mama Sabaki: Mwanangu, KICC yenyewe mwanzo ilikusudiwa iwe makao ya chama cha KANU, ikaja kupanuliwa kwa sababu ya mkutano wa Benki ya Dunia wa 1973, yaani wageni walishajulikana kabla jengo kuisha. Sisi tuwajue kwanza wateja wetu ni kina nani, halafu ndio tuchore. Na maji je? Ya Baricho, chanzo chetu cha maji, tunagawana na Mombasa, siku watu elfu mbili wakifungua bomba pamoja itakuaje?

Fundi Maweni: Mama umenena. Mimi nina uchungu na chumvi. Ukumbi mkubwa hautaki nguzo katikati, kwa hiyo paa linabebwa na vyuma virefu, na upepo wa bahari unavila vyuma hivyo, nondo pia, kwa hiyo zege la kuzifunika liwe nene, vyuma vipigwe zinki na pesa ya matengenezo ya kila mwaka itengwe tangu siku ya kwanza, tusingoje paa livuje.

Abuu: Na uwanja wa ndege? Ndege kubwa hazitui hapa, mgeni ashuke Mombasa apande gari kilomita 120 hivi. Hilo kwanza jamani!

Kijana wa Shela: Shukran. Fundi, ardhi ya kule nyuma ya mji inafaa, mbali kidogo na chumvi?