Jb: Mwanangu anaambiwa akiri kosa atoke leo

> Kijana wangu ana miaka 19, amekutwa na bangi garini. Anaambiwa akikiri kosa leo, usiku analala nyumbani. Asaini?

Shikamoo mama, na poleni sana.

Asisaini bado. Kwanza aonane na wakili na amwambie waziwazi kwamba ana grin kadi (kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu), si raia. Tangu kesi ya Padilla mwaka 2010, Mahakama ya Juu ya Marekani inamtaka wakili wa jinai amweleze mteja wa namna hiyo kama kukiri kosa kunaweza kumfukuzisha nchini. Kama hamna pesa na kesi inaweza kumpeleka jela, aombe wakili wa bure. Ni haki yake.

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili mahakamani. Naiona karatasi ile ya kukiri kosa kila wiki: mistari imebanana, pembeni nafasi za kutia herufi za jina. Vijana wetu hawaulizi imeandikwa nini. Wanauliza, "Nikimaliza hii naenda nyumbani?" Ninatafsiri neno kwa neno, ushauri siruhusiwi kutoa, na moyo unaniuma. Ndiyo maana nawaandikia hapa.

Michelle Alexander, mwanasheria aliyewahi kufundisha Ohio State University hapa hapa Columbus, Ohio, alilieleza jambo hili mwaka 2010 katika kitabu chake The New Jim Crow. Anasema vita dhidi ya dawa za kulevya viliwaangukia zaidi watu weusi, ingawa weupe wanazitumia kwa kiwango kinacholingana nao. Sehemu iliyonishika ni ile ya baada ya kifungo. Hata aliyepewa kifungo cha nje tu anabaki na rekodi, na kwa rekodi hiyo ananyimwa kazi, ananyimwa nyumba ya serikali, na katika baadhi ya majimbo hata kura. Kitabu chake kinahusu Wamarekani weusi na historia yao tangu utumwa. Lakini askari anayesimamisha gari usiku hajui kama aliye ndani ana asili ya Alabama, Tanga au Bukavu. Sisi wahamiaji, juu ya rekodi tunaongezewa shida ya uhamiaji.

---

Wapendwa, naongezea kuhusu bangi. Ohio iliihalalisha mwaka 2023 kwa wenye miaka 21 na zaidi, na watoto wetu wanadhani yameisha. Uhamiaji unafuata sheria ya taifa, na huko bado ni dawa ya kulevya. Mwenye grin kadi akitiwa hatiani mara moja tu, kwa gramu 30 au pungufu za kuvuta mwenyewe, hafukuzwi kwa kosa hilo. Hatia ya pili haina msamaha huo. Mama, muulize wakili karatasi inataja gramu ngapi, na kama imeandikwa alikuwa anauza.

---

Marahaba wanangu, asanteni. Hajasaini. Wakili anakuja kumwona saa nane, nimeziandika gramu kwenye kiganja nisisahau kuuliza.